Mwaka wa Miezi Kumi na Minane

Mjukuu wangu Rehema alirudi kutoka shuleni amevaa kofia ya karatasi iliyoandikwa kwamba huu ni Mwaka wa Kimataifa wa Jamii ya Kunde. Walikuwa wameandamana, wameimba, wamesikiliza hotuba juani, na sasa mtoto alikuwa na njaa ya kweli. Mama yake akampakulia. Rehema akafunua sahani, akaona maharage, akaguna. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hapa Ufipa mwaka usio wa maharage ndio ungehitaji maandamano." Hakucheka. Aliyecheka ni dada yangu Sijaona, binti wa Baba Mkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, miguu ameinyoosha, kanga nyeupe begani. Tulikuwa tumemaliza arobaini ya mumewe kule Kipili, ziwani, nikamchukua nikamleta Sumbawanga apumzike, na tangu afike alikuwa akijibu salamu tu. Sasa akacheka mpaka akashika mbavu. "Hebu muulize," akaniambia, "mwaka wao huu una miezi mingapi?" Rehema akatutazama kama anavyotutazama siku zote, yaani kama watu wawili waliosahauliwa na gari. Ikabidi nimweleze. Na kwa kuwa nikianza kueleza jambo siachi, hata wakinikimbia, nayaandika hapa wakimbie kwa nafasi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilizaliwa katika chumba cha pili cha nyumba hii ya Baba Mkubwa, na sasa nalala chumba cha kwanza. Hiyo ndiyo safari yangu. Ukiacha Tabora, nilikopelekwa kusoma sekondari. Mwaka ule ninaousema, elfu moja mia tisa hamsini na saba, Tabora ilinirudisha nyumbani na kikohozi, pamoja na cheti cha daktari kilichosema nipumzike. Sijawahi kutii maandishi ya serikali kwa moyo mweupe namna ile. Nililala chumba cha uani, chenye dirisha dogo la mbao lililotazama uwanja mtupu wa Baba Mkubwa, na asubuhi za Julai, upepo wa Ufipa ukipuliza kama mtu mwenye kisa na wewe, nilijifunika mablanketi mawili nikasubiri uji wa ulezi unifuate. Uliletwa na Sijaona. Alikuwa amenizidi umri kidogo na maneno sana. "Amka, msomi," alikuwa akisema, "uji umepoa kwa kukungoja, na mimi nimepoa pia."

Ndipo siku moja akaja Bwana Festo, karani wa hali ya hewa, mtu wa Moshi, kaptura iliyonyooka na soksi ndefu, anapiga chafya kila akivuta pumzi. Akamweleza Baba Mkubwa, pale barazani mbele ya duka, kwamba mataifa ya dunia yamekubaliana kuutenga mwaka mzima wa kuipima dunia. Wengine wamekwenda kwenye barafu, wengine wanapima jua, wengine mitetemeko, wengine bahari, na wote wataandika siku zilezile ili vitabu vilinganishwe. Jina lake kwa Kiingereza lilikuwa refu, na kwa Kiswahili tungeliita Mwaka wa Kimataifa wa Fizikia ya Dunia, lakini baraza ililikata siku ileile likawa Mwaka wa Kupima Dunia. Boma lilikwisha kuwa na kipimo chake. Walitaka kingine upande huu wa mji, mahali peupe pasipo miti. Uwanja wetu haukuwa na mti hata mmoja, jambo ambalo Baba Mkubwa alikuwa akilionea aibu mpaka siku ile. Fundi Kasimu, aliyekuwa na cherehani yake barazani kwetu, akauliza dunia inapimwa ili ishonewe nini. Watu wakacheka. Lakini Baba Mkubwa hakucheka. Alikuwa mwenye duka na lori moja, na kila mwenye lori alikuwa amezoea kuambiwa kwamba mambo makubwa yako Mbeya, au Dar es Salaam, au Abercorn ng'ambo ya mpaka. "Dunia nzima inapimwa," akasema taratibu, kama anayeonja chai, "na Sumbawanga itapimwa uani kwangu."

Wakasimika vyombo viwili. Kimoja kisanduku cheupe chenye miguu, chenye kipimajoto ndani, ambacho majirani walikidhania mzinga wa nyuki wakaja kuuliza asali. Cha pili kipimamvua: kopo la shaba lililosimama ardhini, mdomo wake kama faneli, ndani yake chupa ya kukusanya maji. Kila siku saa tatu asubuhi mtu alitakiwa aitoe chupa, ayamimine maji katika bilauri nyembamba yenye mistari, asome, aandike kwenye kadi, amwage. Aliyeajiriwa kwa kazi hiyo ni mimi, kwa sababu ya Kiingereza changu. Niliifanya siku ya kwanza. Siku ya pili upepo ulikuwa mkali, nikamwomba Sijaona anishikie zamu. Siku ya tatu nikagundua kwamba anaisoma bilauri vizuri kuliko mimi, na mtu muungwana hamwondoi mwenziwe kwenye kazi anayoiweza. Nikabaki kuwa mkuu wa kituo, kitandani, naye akanisomea takwimu dirishani. Miezi ile ilikuwa ya kiangazi, kwa hiyo takwimu zilikuwa sifuri. "Bwana Mkubwa wa Hali ya Hewa," alikuwa akiita, "leo pia Mungu hajatoa kitu. Unaweza kulala."

Mwezi wa Agosti walikuja wazee kutoka Kipili kumposea Sijaona. Mposaji alikuwa Mrisho, kijana aliyekuwa akipandisha migebuka mikavu na dagaa kutoka ziwani na kuwauza kwetu, mrefu, mnyamavu, mwenye harufu ya samaki hata akivaa kanzu mpya. Wazungumzaji walikaa barazani. Sisi wawili tuliwasikia kupitia ukuta wa ghala, mimi na kikohozi changu nimekibana kwa kanga, Sijaona anachambua maharage kwenye ungo. Baba Mkubwa alisifu ukoo, akasifu samaki, kisha akasema lile neno ambalo nyumba nzima ilikuja kuliishi: "Binti yangu sasa ana kazi ya dunia. Siwezi kumtoa katikati. Vyombo vikiondoka uani kwangu, naye ataondoka. Mwaka si kitu, wazee wangu, utakwisha." Wakakubali, wakahesabu, wakaona ni Juni, baada ya mavuno, wakati mzuri wa harusi. Fatiha ikasomwa. Upande wetu wa ukuta, Sijaona alikuwa ameacha kuchambua. Nikamuuliza kwa kunong'ona kama Mrisho ana ubaya gani. "Sijasema ana ubaya," akasema. "Simjui kwa ubaya wala kwa wema. Ila mimi sijamaliza kuwa hapa. Wewe umepelekwa Tabora ukarudi, na watu wakakuandalia uji. Mimi nikipelekwa Kipili nani ataniambia nimerudi kupumzika?" Nikakohoa ndani ya kanga. Msomi.

Tangu hapo akavishika vile vyombo kama mtu anayeshika ukingo wa mtumbwi. Na nyumba nzima, sijui ilianzaje, ikashikwa pia. Oktoba redio ya betri ya dukani ilipotangaza kwamba Warusi wamerusha kimwezi kinachoizunguka dunia, baraza ilijaa mpaka mtaroni. Baada ya Magharibi watu walisimama wakitazama juu, shingo zimewauma, Fundi Kasimu akisema kama Warusi wana ujanja kweli wangerusha kitu kinachorekebisha barabara ya Mpui. Mtu akauliza kama kile kimwezi kitaharibu kuandama kwa mwezi wa Ramadhani. Likawa swali zito. Baba Mkubwa, ambaye miezi mitatu nyuma hakujua hata baridi ya nyumba yake ni kiasi gani, akainua mkono: "Tulieni. Mambo hayo yako ndani ya Mwaka. Tutamuuliza Bwana Festo." Aliyasema kama jamaa wa karibu wa huo Mwaka, mjomba wake hivi.

Mvua zikaja Novemba. Usiku wa kwanza zilipiga bati mpaka hatukusikiana, na asubuhi Sijaona alipima, akaandika, akamwaga, akapita dirishani akicheza. Siku mbili tatu ikawa hivyo. Kisha jambo la ajabu likaanza. Mvua ilinyesha, matope yakawa ya kufika goti, lori la Baba Mkubwa likakwama, lakini saa tatu asubuhi Sijaona alikuta chupa kavu. Kavu si kama kitu kilichokosa mvua. Kavu kama sahani iliyofutwa. Akaandika sifuri, maana ndicho alichokiona. Kesho yake sifuri. Akalikagua kopo kama lina tundu, halikuwa nalo. Nikatoa maoni yangu ya kisomi kwamba ni jini mwenye kiu. Mwisho wa mwezi tukaipeleka kadi posta ikiwa na sifuri nyingi zilizojipanga kama mayai, na kabla Desemba haijafika mbali ikaja simu ya maandishi kutoka posta: Bwana Festo anakuja kukagua, na kituo kikionekana hakifai, vyombo vitahamishiwa kwingine. Baba Mkubwa aliisoma barazani kwa sauti, mpaka lile neno la vyombo kuhamishwa, akaikunja. Hakuna aliyemtazama Sijaona, na kila mtu alimwona. Neno lilikwisha kutolewa mbele ya wazee na Fatiha juu yake. Vyombo vikiondoka, anaondoka.

Kitendawili kilifumbuliwa na uvivu wangu, naomba hilo likumbukwe nikifa. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa nilikuwa macho lakini sijaamka, hali ninayoipenda kuliko zote, na dirisha lilikuwa wazi kidogo. Nikamwona Bibi, mama yake mke wa Baba Mkubwa, Mfipa wa Milepa, mwanamke mdogo mwenye mgongo ulionyooka, anatoka jikoni. Akaenda moja kwa moja kwenye kopo. Akaondoa ungo uliokuwa juu yake, ungo wetu wa kupepetea ulezi, uliowekewa jiwe usipeperuke. Akainua faneli, akatoa chupa, akaimwaga, akaifuta ndani na nje kwa pindo la kanga, akarudisha kila kitu mahali pake kwa adabu. Kisha akarudi jikoni kukoroga uji wangu.

Tulimuuliza tukiwa tumekaa naye motoni. Hakushtuka hata kidogo. "Yule mgeni ameacha vyombo vyake hapa au hakuacha?" akasema. "Mtu akikuachia chombo, unamrudishia kikavu na safi, kama alivyokuja nacho. Ukimrudishia na maji ya mvua ndani, atasema nyumba hii haina watu. Na mimi nilimwona mtoto huyu anamwaga maji yale kila siku. Nikasema, kazi yake ni kukikausha, lakini anachelewa, anangoja mpaka saa tatu, jua limeshapanda. Basi nikamsaidia: usiku nakifunika, asubuhi namwaga yaliyopenya." Akamgeukia Sijaona. "Kwani sikukausha vizuri?" Sijaona akausogeza ukuni motoni. Kisha akasema, "Umekausha vizuri sana, Bibi," akaenda kulia ghalani, na katikati ya kulia nikamsikia anacheka.

Nikatoa shauri langu. Nilimwambia achukue kadi ya Desemba aandike kitu kinachofaa, robo inchi leo, nusu kesho, nani huko Dar es Salaam anaijua mvua ya Sumbawanga? Vyombo vitabaki, naye atabaki. Ulikuwa mpango mzuri, nausifu mpaka leo. Sijaona akaivuta kadi kwake. "Watu wamekwenda kukaa kwenye barafu," akasema, "wanaandika walichokiona. Halafu mimi hapa, kwenye uji na moto, nitunge mvua?" Nikasema ni yeye atakayepelekwa Kipili, si watu wa barafu. "Najua ni mimi," akajibu. "Ndiyo maana nasema mimi."

Bwana Festo aliwasili adhuhuri, na hakuhitaji kutuuliza kama mvua imenyesha. Lori lake lilikwama karibu na Mpui akalala humo, na soksi zake ndefu zilikuwa za udongo mtupu. Alisimama barazani akichuruzika, akatoa kadi yetu mfukoni, akaiinua. "Kwa mujibu wa kituo hiki," akasema, akapiga chafya, "nimetoka jangwani." Fundi Kasimu akaangukia cherehani kwa kicheko. Mrisho pia alikuwepo siku ile, ameleta samaki, amekaa kwenye gunia pembeni anamenya karanga. Baba Mkubwa akaanza hotuba ya kutetea nyumba yake, lakini Sijaona akatoka ndani, kichwa amekifunika, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, Bwana Festo. Sifuri zile ni zangu. Mvua ilikuwepo." Akaeleza yote, bila kumlaumu mtu, mpaka ungo na jiwe lake. Na Bibi akaja nyuma yake na huo ungo mkononi, akachuchumaa kwa desturi ya kwao, akapiga makofi ya taratibu ya kumsalimu mgeni, akasema kwa Kifipa, na Sijaona akamtafsiria, kwamba kama amekosea katika kutunza anaomba ajulishwe, lakini chombo kiko kizima, hakina hata kutu.

Bwana Festo akafuta pua. Akaomba akalione kopo. Tulimfuata uani msafara mzima. Akalizunguka, akachungulia ndani, akapitisha kidole. "Nimekagua vituo vingi," akasema, "sijaona chombo kinachong'aa hivi." Akakaa juu ya jiwe, akachukua kalamu, na juu ya kila sifuri aliyoonyeshwa na Sijaona akapiga mstari, akaandika pembeni: haijulikani. "Kituo kinachosema hakijui naweza kukitumia," akasema. "Kinachotunga ndicho ninachokiondoa. Vyombo vitabaki hapahapa. Ila Bibi, tafadhali, viache vilowe." Bibi alipotafsiriwa akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa amwache mtoto wa wenyewe alale nje.

Ni pale mezani, Bwana Festo anakula ugali wa ulezi na maharage na migebuka ya Mrisho kwa mikono miwili kama mtu aliyeokolewa, ndipo Baba Mkubwa alipouliza kwa adabu kama Juni atakuja mwenyewe kuvichukua vyombo au atatuma mtu. "Juni?" Bwana Festo akameza. "Juni ya nini, mzee? Mwaka huu unaisha Desemba ijayo. Ulianza Julai. Una miezi kumi na minane." Nilikuwa mlangoni, niliiona chai ikisimama njiani kati ya kikombe na mdomo wa Baba Mkubwa. "Mwaka," akasema. "Wa miezi kumi na minane." "Ndivyo ulivyokubaliwa na mataifa." Fundi Kasimu akanong'ona kwamba Wazungu wamezidi, hata mwaka wameuongeza pindo. Na macho yote yakamgeukia Mrisho, ambaye harusi yake ilikuwa imesogezwa nusu mwaka mbele ya sahani yake mwenyewe. Mrisho akapangusa vidole polepole. Tulimngoja alalamike, alikuwa na haki. Akamwinamia Bwana Festo akauliza, "Na ziwa je? Nani analipima?"

Nasema hivi kwa Rehema na kofia yake: mimi nadhani Mwaka ule uliingia Kipili kwa swali lile. Bwana Festo akamwambia kwamba hajui kama kuna mtu anayefanya hivyo pale bandarini kwao, na kwamba ni rahisi, mti mnene wenye alama ukisimikwa majini. Safari iliyofuata Mrisho akaja na samaki na habari: ziwa limepanda kidole kimoja tangu asimike mti wake. Akazileta habari hizo barazani, lakini alizisema kwa sauti ya kufika ghalani. Kutoka ghalani Sijaona akajibu bila kutokea, "Kidole cha nani? Chako au cha mtoto?" Baraza ikacheka, Mrisho akainama. Safari nyingine akaja na mti mdogo aliouchonga kwa urefu wa bilauri ya Sijaona, mistari kwa mistari, ili vipimo vyao vilingane. Mwezi wa mavuno akasema ziwa limeanza kushuka. "Mmelinywa," akasema Sijaona. "Tumeliazima," akasema Mrisho, "tutalirudisha likiwa kavu na safi, kama kwa Bibi." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania. Nilikuwa dirishani, na nilimwona dada yangu anacheka ameyafunika meno yake na kadi ya serikali.

Desemba ile ya pili Bwana Festo alikuja, akang'oa kile kisanduku, akalifukua lile kopo. Bibi mwenyewe alilikabidhi, likiwa kavu na limefutwa, na safari hii hakuna aliyemzuia. Uani kukabaki shimo la duara. Jioni tulikuwa tunakula, na Baba Mkubwa, ambaye katika miezi ile alikuwa amejifunza kumwuliza binti yake hali ya hewa asubuhi, hata kabla ya kumwuliza karani wa duka mauzo, hakusema neno juu ya Kipili. Wala mke wake. Wala Bibi. Tulikuwa tunatafuna kwa makini sana. Sijaona akamega tonge, akalizungusha, akasema bila kuinua macho, "Baba, vyombo vimeondoka." Kisha akala tonge lake.

Nimewaza mara nyingi juu ya miezi ile sita ya ziada. Duniani kote wataalamu waliihitaji kwa sababu zao, za jua na barafu. Sisi tuliitumia kwa lile tu: mtu amalize kuwa hapa. Alikwenda Kipili kwa miguu yake, wakaishi wote miaka mingi, na barua zake za kwanza zilikuwa na salamu mstari mmoja na kimo cha ziwa ukurasa mzima. Rehema alikuwa amevua kofia akaiweka gotini. "Kwa hiyo, Bibi," akamwuliza Sijaona, "ule mti wa Babu Mrisho bado upo?" Sijaona akasema ule wa kwanza ulizamishwa na mvua za mwaka wa Uhuru, Mrisho akasimika mwingine, na mwingine, na wa mwisho aliusimika mwaka jana, mikono ikiwa imeshaanza kutetemeka, kwa hiyo umeinama kidogo. Akasema tangu msiba hakuna aliyeusoma.

Aliondoka wiki iliyofuata. Nilimwambia akae, chumba kipo, uji upo. Akasema ziwa haliwezi kukaa bila mtu namna ile. Lakini kabla ya kupanda gari alikwenda uani na kopo la maziwa alilolikata mdomo, akalisimika mahali palepale, akanigeukia. "Mimi nitashika ziwa," akasema. "Wewe uliajiriwa mvua. Hujaanza kazi." Basi sasa saa tatu asubuhi natoka, koti juu ya koti, upepo wa Ufipa na kisa chake kilekile na mimi. Naingiza mti mdogo wa Mrisho, alioniachia dada, nasoma mistari, nampigia simu. "Tumepata mistari minne," namwambia. Namsikia anaandika. "Umelifuta?" anauliza. Nasema ndiyo, nimelifuta ndani na nje.